Ushahidi Uliokuwa Ukingoni

Katika uwanda mkavu wa Arizona, Marekani, kati ya Flagstaff na Winslow, kuna kreta yenye upana wa takribani kilomita 1.2 na kina cha mita 170 hivi. Kwa zaidi ya nusu karne wataalamu walibishana juu ya chanzo chake, mpaka mwanajiolojia Eugene Shoemaker alipoufunga mjadala mwaka 1960. Wengi wanaoisimulia kazi yake hukimbilia madini yaliyopatikana mwishoni. Mimi naona nguvu ya hoja yake ilianzia mapema zaidi, katika ramani ya matabaka ya miamba.

Ili kuipima kazi hiyo, tuwatazame waliomtangulia. Mwaka 1891 Grove Karl Gilbert, mwanajiolojia mkuu wa idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani, alifika pale kwa sababu ya habari za vipande vya chuma vilivyotapakaa kuizunguka kreta. Ili kujua kama vilitokana na kimondo kilichochimba shimo hilo, alibuni majaribio mawili. Kama kimondo kikubwa kimezikwa chini, sindano ya sumaku itavutwa. Tena kifusi cha ukingoni kitazidi ujazo wa shimo, kwa kuwa kimondo chenyewe kimechukua nafasi ndani yake. Sindano haikuonyesha chochote, na kifusi kilikaribiana mno na ujazo wa shimo. Gilbert akahitimisha kwamba mvuke uliopashwa moto na volkano ulilipuka kutoka chini, na kwamba chuma kile kilikuwa pale kwa sadfa. Majaribio yake yalikuwa ya kisayansi kabisa. Kilichompoteza ni dhana kwamba kitu kilichochimba shimo lazima kiwe bado kimo ndani.

Daniel Barringer, mtaalamu na mwekezaji wa migodi kutoka Philadelphia, alipinga hitimisho hilo huku akiishikilia dhana ileile. Alijipatia haki ya kuchimba mwaka 1903, na mwaka 1906 akachapisha hoja zake: hapakuwa na mwamba wa volkano ndani ya kreta, mchanga ulikuwa umesagwa ukawa unga laini, na vipande vya chuma vilichanganyika na kifusi, ishara kwamba vyote vilianguka kwa wakati mmoja. Aliona hata kwamba miamba ya ukingoni ilikuwa imepinduka. Alikuwa amesema kweli, lakini wenzake wengi hawakumkubali. Yeye alichotaka kuwaonyesha ni chuma, mamilioni ya tani, na akachimba mpaka 1929 bila kukifikia. Mwaka huo Forest Ray Moulton, mwanaastronomia, alipiga hesabu na kuonyesha kwamba kimondo kilikuwa kidogo kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba kwa kasi ya kuanguka kwake sehemu kubwa yake iligeuka mvuke. Barringer alifariki mwaka huohuo.

Nani hasemi kwamba chuma ni ushahidi? Ila peke yake hakitoshi. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, Tanzania, kina uzito upatao tani 16, na hakuna kreta inayoonekana pale. Chuma kinaweza kuwepo bila shimo, na shimo likawepo bila chuma chake.

Shoemaker alikuja na kipimo ambacho Gilbert na Barringer hawakuwa nacho. Huko Nevada, Marekani ilikuwa imelipua mabomu ya nyuklia chini ya ardhi, na mashimo mawili yalimfaa sana. Jangle U, la mwaka 1951, lilitokana na bomu lililofukiwa mita 5 hivi. Teapot Ess, la 1955, lilitokana na bomu la nguvu ileile, kilotoni 1.2, ila lilifukiwa mita 20 hivi. Chanzo kilijulikana, nguvu ilijulikana, kina kilijulikana. Kilichobaki kilikuwa kutazama mlipuko wa aina hiyo huyafanya nini matabaka ya ardhi.

Huko Arizona alipima na kuchora ukingo kwa subira. Uwandani, mwamba mwekundu wa Moenkopi ndio uko juu, chini yake Kaibab wa rangi ya manjano iliyofifia, na chini zaidi mchanga mgumu mweupe wa Coconino. Kwenye kifusi cha ukingoni mpangilio huo umegeuzwa: Moenkopi chini, Kaibab katikati, Coconino juu. Matabaka yameinuliwa na kulazwa kwa nje, kama ukingo wa mkeka uliokunjwa. Teapot Ess ilikuwa na mkunjo huohuo, ilhali Jangle U haikufanana na kreta ya Arizona kwa kiasi hicho. Kwa hiyo nishati ilikuwa imeachiliwa ghafla, mahali pamoja, chini kidogo ya uso wa ardhi. Kitu kilichotoka angani kwa kasi kubwa na kupenya mwamba kabla ya kusambaratika hufanya hivyo hasa.

Ndipo madini yakaingia. Mwaka 1953 Loring Coes alikuwa ametengeneza maabarani aina nzito ya kwatsi, ikaitwa koesaiti, ambayo huhitaji mgandamizo wa zaidi ya mara 20,000 ya ule wa hewa tunayovuta. Edward Chao alipochunguza kwa eksirei mchanga wa Coconino kutoka kwenye kreta, aliikuta humo. Yeye, Shoemaker na Beth Madsen wakatangaza mwaka 1960. Mvuke wa volkano hauwezi kujikusanyia nguvu hiyo karibu na uso wa ardhi. Miamba iliyoufunika ingepasuka mapema mno.

Mwaka huohuo Shoemaker alikwenda Ries, Ujerumani, bonde la kilomita 24 hivi ambalo wengi waliliona kuwa la volkano, na mawe aliyochukua huko nayo yakakutwa na koesaiti. Ukisikia mtu akidai kwamba shimo la mviringo mahali fulani lilichimbwa na kimondo, muulize kwanza mwamba wake unaonyesha nini.