Mshororo wa Mwana wa Fundi Viatu

Katika sehemu ya pili ya tamthilia ya Tamburlaine, jemadari mmoja anamsimulia bwana wake jinsi alivyolipitisha jeshi Afrika. Amefuata mto Nile hadi kwa Wakristo wa Habeshi, akasonga, akafika Zanzibar. Huko ameona bahari, mito na maziwa, lakini mtu hakumwona, mkubwa wala mtoto. Tena Zanzibar yenyewe anaiweka magharibi mwa bara. Mtunzi, Christopher Marlowe, alikuwa akizifuata ramani za Abraham Ortelius, na kosa la mahali lilitoka humo. Mara ya kwanza nilichukia. Nchi yenye misikiti na masoko, yenye watu wanaosema lugha hii ninayoiandika, imefutwa watu wake kwa mshororo mmoja! Niliporudia kusoma kwa sauti, hasira ilibaki, ila sikio likanasa jambo jingine. Majina ya nchi yalikuwa yanakuja kwa mwendo, kila moja likitua pale mdundo ulipokuwa ukilingoja. Mwendo huo ndio ninaotaka kuusifu.

Marlowe alibatizwa Canterbury tarehe 26 Februari 1564, miezi miwili kabla ya Shakespeare. Baba yake, John, alikuwa fundi viatu. Mtoto alikulia penye msharasi na ngozi, kisha ufadhili ukamfikisha Corpus Christi, Cambridge. Mwaka 1587 chuo kiliposita kumpa shahada ya uzamili, baraza la Malkia Elizabeth liliandika kwamba kijana huyo amemtumikia Malkia vyema. Utumishi gani? Wengi hukimbilia hapo, kwenye habari za ujasusi, na mshairi anaachwa mlangoni.

Kabla yake, majukwaa ya London yalizoea mishororo mirefu yenye vina, mingi ya mizani 14. Sisi tuliolelewa na tenzi tunaijua raha ya kina. Tunaijua pia aibu yake, pale neno linapoletwa kwa kuwa tu linafanana sauti na la juu yake. Mshororo usio na vina ulikuwepo tayari: mshairi Surrey aliutumia kumtafsiri Virgil, na tamthilia ya Gorboduc ilichezwa nao mbele ya Malkia mwaka 1562. Lakini mishororo ile ilisimama mmoja mmoja, kila mmoja ukikata pumzi mwishoni.

Marlowe alichukua kipimo kilekile, mizani 10 yenye mikazo mitano. Kwetu kuhesabu silabi kunatosha, maana mkazo wa Kiswahili una kikao chake, silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo wa Kiingereza huhamahama, na mshairi hana budi kuuwinda. Kina kilipoondoka, Marlowe alikaza kwingine: jina zito mwishoni mwa mshororo, na sentensi inayopanda ngazi mshororo hadi mshororo, isitulie mpaka kileleni. Ilimfaa Tamburlaine, mchungaji anayetaka dunia yote, ambaye hata akifa anaagiza ramani aone kilichobaki. Tumezoea kuliita guni shairi lililokosa vina na mizani. Hapa kina kimetoka, na mizani inafanya kazi ya wawili. Nadhani Nyerere alilisikia hilo alipoitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare bila vina mwaka 1963, yeye ambaye baadaye aliziweka Injili katika tenzi zenye vina.

Ufundi huu ulikusudiwa mapafu. Katika jumba la Rose, lililojengwa mwaka 1587 ng'ambo ya Thames, sauti ya mwigizaji Edward Alleyn ilibidi iwafikie waliosimama uani chini ya anga tupu. Ila kinachonishika zaidi ni saa ya mwisho ya Faustus, msomi aliyemuuzia shetani roho yake katika tamthilia nyingine ya Marlowe. Inagonga saa tano usiku. Saa sita shetani atamchukua. Maneno yanakuwa mafupi, sentensi zinavunjika, anaisihi mbingu isimame. Nusu saa ya kwanza inachukua mishororo kama 30, ya pili kama 20. Kimya kimya mshairi ameufupisha muda, na msikilizaji anaishiwa pumzi kabla hajajua kwa nini. Sijaona ufundi wa kupita huo katika tamthilia yoyote.

Tarehe 30 Mei 1593, katika nyumba moja ya Deptford, kisu cha Ingram Frizer kilimuua Marlowe. Alikuwa na miaka 29. Miongoni mwa alivyoviacha ni shairi la Hero na Leander, wapendanao waliotenganishwa na mlangobahari, nalo lina vina, viwili viwili, vyepesi kama maji. Mwana wa fundi viatu alijua kushona kwa nyuzi zote mbili. Mshairi George Chapman aliliendeleza shairi hilo hadi mwisho, likatoka mwaka 1598. Ukilisoma kwa sauti, pale mkono unapobadilika unapasikia: mwendo unakuwa mzito. Sehemu ya Marlowe inaishia kunapopambazuka, usiku ukishuka kuzimu kwa aibu na hasira.