Ya Kale Dhahabu, na ya Leo Je?

Ya kale ni dhahabu, tumeambiwa hivyo tangu utotoni. Mimi nasema, jamani, tuipime kwanza hiyo dhahabu. Mzani wangu safari hii si riwaya wala shairi, ni bastola: Colt Python ya Marekani. Ilitoka 1955, ikaachwa 2005, ikafufuliwa 2020. Jina lile lile, umbo lile lile. Je, ni ile ile?

Tuanze na bibi. Ni bastola ya silinda inayozunguka, risasi sita za .357 Magnum, mtutu wake una matundu marefu mgongoni. Buluu yake nzito, ambayo Colt waliiita Royal Blue, haikuwa rangi ya kupaka na brashi. Chuma chenyewe kiling'arishwa kwanza hadi unaweza kujitazama. Vyuma vya ndani fundi alivioanisha kwa mkono, kimoja kimoja. Wapenzi wake wanasema kifyatulio chake ni laini ajabu, nao hawadanganyi.

Lakini mapenzi ni upofu, bwana. Ufundi ule una bei mbili. Ya kwanza unalipa dukani. Ya pili unalipa baadaye, pale vyuma vya ndani vinapolika na silinda ikaanza kutokaa sawasawa na mtutu. Hapo si kila fundi ataiweza. Kilichooanishwa kwa mkono kinadai mkono mwingine uliofundwa hivyo hivyo, na mikono hiyo inazidi kupungua.

Sasa mjukuu. Huyu ni mtoto wa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Alikuja na chuma kisichoshika kutu. Buluu ikafuata 2025. Vyuma vya ndani vimepunguzwa, na fremu imeongezewa unene chini ya shabaha ya nyuma.

Wahakiki wengi wanaziweka mbili hizi mezani na kuuliza: mpya inafanana kiasi gani na ya zamani? Swali hilo ni la muuza picha. La mhakiki ni hili: aliyebadili alijua anabadili nini? Kwa Python jibu ni ndiyo. Waliona udhaifu wakaugusa, sura wakaiacha. Kwa kazi, namchagua mjukuu bila kusita. Kilichopotea ni ule mng'ao wa mkono, nao ni hasara ya kweli. Ila hasara si sababu ya kuabudu nyufa.

Na nyie mnaoandika hadithi za upelelezi, sikieni. Kitu kina umri wake. Python za mapolisi wa pikipiki katika filamu ya Magnum Force ya 1973 ni za bibi; usimpe mpelelezi wako wa 1975 ile ya mjukuu. Tena bastola ya silinda hairushi maganda. Yanabaki humo humo hadi mtu ayatoe. Ukiandika "maganda yalitapakaa sakafuni" baada ya kila mlio, msomaji anayejua anakifunga kitabu chako hapo hapo.

Tunaposimulia upya hadithi za wazee wetu, tufanye kama waliomtengeneza mjukuu: tujue kwanza pale palipokuwa pembamba, ndipo tuongeze chuma. Anayenakili kila kitu hamheshimu bibi. Anaogopa tu kumgusa.