Nne ya nini, fundi?

Tuliokuwa kwenye mafunzo Jumamosi tuliona sote. Kompyuta ya hesabu, ile iliyobeba SQL Server, imeletwa pamoja na mbili za kaunta. Ugonjwa wake mnaujua: ukuta wa moto wa Windows unazimwa asubuhi, kufika saa nne umewaka wenyewe, kaunta zimekatika. Fundi akapima kwa Test-NetConnection, akakuta poti 1433 haipitiki, akahifadhi nakala ya rejista. Safi. Halafu akaharibu.

Akafungua regedit, akateremka hadi MpsSvc, yaani huduma ya ukuta, akabofya Start, akafuta 2, akaandika 4. Kompyuta ikawashwa upya, kaunta zikaunganika, ukumbi ukapiga makofi. Mikono yangu ilibaki mapajani.

Ile 4 maana yake huduma nzima imepigwa marufuku kuamka. Ni tofauti kabisa na kuzima ukuta. Microsoft wenyewe wanakataza, na sababu wamezitaja: menyu ya Start inaweza kugoma, programu za kisasa zikakataa kusakinishwa, hata kuamilisha Windows kwa simu kukashindikana. Ukiingia services.msc, kitufe cha kusimamisha huduma hiyo kimefifishwa. Fundi alikibofya mara mbili, tukamwona, kikakataa, akazungukia mlango wa nyuma. Kitufe kikififishwa, mtu huuliza kwa nini! Kama ni majaribio, zima profaili zote tatu kwa netsh, huduma ibaki hai.

Na swali lililotukusanya pale halikuguswa: nani anauwasha? Sera ya domeni haikuwa, maana sera ya domeni ikishaamuru uwake, netsh ya hapo mezani haiupindui hata dakika moja. Huu ulikuwa unazimika vizuri, unarudi baadaye. Basi kuna mtu ndani ya nyumba. Windows humwandika: fungua Event Viewer, ingia kwenye logi ya ukuta, tafuta tukio namba 2003, usome mstari unaotaja programu iliyobadilisha. Wakati wa chai nilijisogeza nikaifungua. Safu nzima ya matukio, njia ya faili ni ileile, inaishia kwenye folda ya antivairasi ndani ya Program Files. Ilikuwa imeagizwa na seva inayoisimamia ihakikishe ukuta haulali. Ilikuwa inatii. Dakika tatu, chai haijapoa.

 

Zamani haikuwa hivi. Agosti 2003, mnyoo wa Blaster ulipoingia, XP ilikuwa na ukuta wake lakini ulikuja umezimwa. Dirisha linatokea, sekunde 60 zinahesabiwa kurudi nyuma, mashine inakufa. Mafundi wa zama zile walikuwa wanaandika shutdown -a huku saa inakimbia, wanawasha ukuta kuziba poti 135, ndipo wanapakua kiraka, na laini yenyewe ya simu. Wale walihangaika ukuta UWAKE. Mwaka uliofuata, Agosti 2004, Service Pack 2 ikaja nao umewashwa tayari. Leo tunampigia makofi anayeungʼoa.

Kazi yenyewe ilitaka kanuni moja: wf.msc, mlango wa kuingilia, TCP 1433, iruhusiwe kwa anwani za ofisi peke yake. Ukuta ungewaka saa nne, saa tano, usiku kucha, na kaunta zisingejua.

Jumamosi jioni kompyuta ile ilirudishwa ofisini na 4 yake. Aliye karibu nayo aandike 2, kisha aiwashe upya.