Musalaba, Dracula na koko wa Kadutu

Jioni ya siku ya Mungu moja nilikuwa kwa wakristu fulani huko Kadutu, si mbali na soko. Tulikuwa tumekwisha kula, na watoto wakafungua televizioni. Ilikuwa filamu ya zamani ya Waingereza, iliyotiwa sauti za Kifaransa: Le Cauchemar de Dracula, ya mwaka 1958. Sisi wakubwa tulicheka kidogo juu ya mavazi yale na farasi wale. Watoto hawakucheka. Mwishoni, muganga Van Helsing anashika vinara viwili vya mishumaa, anavikutanisha kama musalaba, na kumusukuma Dracula mpaka penye mwangaza wa jua, naye anageuka majivu. Hapo umeme ukakatika, kama desturi yetu. Uliporudi, tuliona mutoto wa miaka saba hivi ametwaa rozari ya mama yake na kuuweka musalaba wake juu ya mukono wa koko yake, akitazama kama ngozi itaungua.

Koko alicheka. Baba wa nyumba hakucheka, wala mimi.

Filamu hizi zilitengenezwa na kampuni ya Hammer, nyingi kati yao katika studio ndogo ya Bray, kando ya muto Thames. Walianza na Frankenstein mwaka 1957, halafu Dracula, waliyemutoa katika kitabu cha Bram Stoker, mutu wa Irlandi, kilichotoka mwaka 1897. Mwongozaji wao bora alikuwa Terence Fisher. Wachezaji waliojulikana zaidi, Peter Cushing na Christopher Lee. Ni kazi safi, tusiwanyime haki yao. Kwa ngazi moja, mulango mmoja na kitambaa chekundu wanakutia baridi mugongoni. Katika filamu ya mwaka 1966 Lee hasemi hata neno moja tangu mwanzo hadi mwisho, na bado yeye ndiye unayemukumbuka. Zamani za Wabelgiji serikali ilichagua filamu gani mutu mweusi aruhusiwe kuona. Mimi sitaki kurudia kazi ile. Nataka tuzitazame vizuri tu.

Katika filamu hizi musalaba ni chombo. Vinara viwili vinatosha. Katika ile ya mwaka 1960, Les Maîtresses de Dracula, Van Helsing anageuza mabawa ya kinu cha upepo, kivuli chake kinafanya umbo la musalaba chini, na mwovu anakufa. Hakuna aliyesali. Mutu angeweza kufanya vile bila kumujua Kristu hata kidogo. Ninyi wakatekista munaijua sura ya 19 ya Matendo ya Mitume: wana saba wa Skeva walitumia jina la Yezu kama dawa, wakakimbia wakiwa uchi na vidonda mwilini. Mutaguso wa Vatikano, mwaka 1963, ulieleza ya kuwa visakramenti vinapata matunda yao kwa maombezi ya Kanisa. Havina nguvu kama ya petroli katika motokari. Lakini tusiwacheke Waingereza upesi. Ni wangapi kwetu wanaokuja kuomba maji ya baraka kama vile mutu anavyoomba kinini? Na ni padri gani hakuyatoa bila kuuliza neno, kwa sababu alikuwa na haraka? Mimi nimefanya vile.

Filamu moja inajua zaidi. Ni ya mwaka 1968, iliyoongozwa na Freddie Francis. Kwa Kiingereza inaitwa Dracula Has Risen from the Grave. Wafaransa waliiita Dracula et les femmes, jina baya, kwani habari yenyewe ni ya padri. Padri wa kijiji anasoma Misa katika kanisa tupu, kwa sababu kivuli cha ngome ya Dracula kinagusa ukuta wake na watu wanaogopa kuingia. Kisha Misa anakwenda kunywa pombe. Monsinyori anakuja, anamuchukua kupanda mulima pamoja naye; padri anachoka, anabaki nyuma, anaanguka, na damu ya kichwa chake inatiririka mpaka midomoni mwa Dracula aliyefungwa ndani ya barafu. Tangu saa ile padri ni mutumishi wake. Hakumuchagua Dracula. Alikuwa amebaki peke yake muda murefu, basi.

Halafu kuna kijana Paul, asiyeamini Mungu. Anamupiga Dracula muti kifuani, na padri anamuambia lazima asali. Paul hawezi. Dracula anaung'oa muti kwa mikono yake mwenyewe. Watu waliozoea hadisi hizi walikasirika, wakisema kanuni imevunjwa. Mimi naona hapo tu ndipo wameikaribia kweli. Na mwishoni, Dracula akiwa amechomwa na musalaba mukubwa, ni yule padri mwoga anayesema Baba Yetu kwa Kilatini. Ninyi wafratri, itazameni filamu hii. Mutaona hatari ya padri ambaye hakuna anayemutembelea.

Sasa nije kwa ile ya mwaka 1966, Dracula, prince des ténèbres, ya Fisher mwenyewe. Inaanza vizuri sana. Watu wanamuzika musichana, na padri wao anataka apigwe muti moyoni. Padri Sandor, mumonaki, anafika juu ya farasi, anawazuia, anamugombeza padri kwa ushirikina wake. Nilifurahi. Lakini mbele kidogo mwanamuke mmoja, Helen, ameumwa na Dracula. Wamonaki wanamushika juu ya meza, anapiga kelele na kujitupa, na Sandor yule yule anasimamia kazi ya kumupiga muti. Kisha uso wake unatulia, na filamu inataka tuseme: sasa amepata amani. Mukono wa mutengenezaji ni hodari, ndiyo maana sehemu hii ni mbaya kuliko zote. Inatufundisha kutazama wanaume wengi wakimushika mwanamuke mmoja, na kusikia faraja.

Mwezi wa tisa wa mwaka 2021 zilikuja habari za wanawake waliouawa katika Kabare, Kalehe na Walungu kwa kushtakiwa ulozi. Wengine walichomwa moto. Walitajwa na watabiri waitwao bajakazi. Sisemi ya kuwa wauaji walitazama filamu za Hammer. Nasema hadisi ni ile ile: mwovu ana mwili, ana jina, anakaa nyumba ya tatu, na mukimushika pamoja kijiji kitapona.

Mwaka ule wa 1966 Hammer walitoa nyingine, L'Invasion des morts-vivants, na hapo mwovu si mugeni wala mwanamuke. Ni tajiri wa kijiji huko Cornwall. Watu wamekataa kuchimba mugodi wake wa bati kwa sababu ya ajali. Basi anaua vijana kwa uchawi aliojifunza Haiti na kuwafufua wachimbe bila mushahara. Ngoma zinapigwa na watu weusi, na hilo linanichukiza: Mwingereza hakuona njia ya kumuweka shetani kwake bila kumuazima kwetu. (Huku kwetu nako watu walisema wazungu hunywa damu: batumbula wa Katanga, mumiani wa pwani; na katika Rodezia ya Kaskazini Mapadri Weupe wenyewe walishukiwa.) Lakini bati ile ni kasiterite yetu. Mutu wa Kalehe hahitaji kuelezwa filamu hii.

Kama paroisi moja ingeniomba filamu ya jioni kwa wakatekista, ningepeleka ile ya Padri Sandor. Ningeonyesha mazishi ya mwanzo, halafu ningeruka mpaka kwenye meza ya wamonaki, na hapo ningeizima kabla uso wa Helen haujatulia. Tungebaki na kelele zake masikioni, na taa ikiwaka, tungeanza kusema.