Wimbo Mgeni kwenye Nyuzi Nane

Obokano, ala ya Wagusii, ina nyuzi nane tu. Gita lina sita, lakini uzi wa gita hubanwa kwa kidole hapa na pale shingoni ukatoa sauti nyingine na nyingine. Obokano haina shingo. Uzi hutoka kwenye mti wa juu ukashuka moja kwa moja hadi kwenye bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, na sauti uliyotegewa ndiyo hiyo hiyo mpaka mpigaji anyamaze autege upya. Nyuzi nane, sauti nane. Kwa hiyo anayetaka kupiga kwenye obokano wimbo ambao haukutungwa kwa obokano huanza na hesabu: wimbo huu una sauti ngapi, mimi ninazo ngapi, na zile nisizo nazo nitazifanyaje?

Ufundi wote wa kurudia wimbo wa mtu mwingine umo katika swali hilo la mwisho. Nasema hivi kwa sababu nyimbo zinazorudiwa siku hizi ni nyingi mno, na nyingi kati yake hazikuulizwa swali lolote. Kijana hupakua mdundo uliokwisha tengenezwa, hukaa mbele ya simu, huimba wimbo wa Sauti Sol au wa Diamond Platnumz kwa ufunguo ule ule, kwa mbwembwe zile zile, kisha huuita wake. Ana koo zuri, sikatai. Lakini hiyo ni nakala, na mwenye wimbo tunaye bado. Wimbo uliorudiwa kwa ufundi ni ule ambao ala mpya imeukatalia jambo fulani, na mpigaji badala ya kulazimisha akatafuta njia nyingine ya kupita.

Njia hiyo niliiona kwa karibu Keroka, mji ambao nusu yake iko Kisii na nusu Nyamira. Ilikuwa sherehe ya harusi, na mpiga obokano alikuwa kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu. Wageni walikuwa wamechoka na spika, na bibi harusi akaomba “Malaika”. Nilidhani angekataa. “Malaika” ni wimbo wa gita na bendi tangu Fadhili William alipoutia kwenye santuri mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akaupeleka duniani, Boney M. nao wakaurekodi, Angélique Kidjo akauimba kwa namna yake. Kote huko ulikuwa na ala zinazoubeba kwa ulaini. Obokano si ala laini. Ni nzito, ina mkoromo, na sauti yake ya chini kabisa unaisikia kifuani kabla haijafika masikioni.

Kijana hakukataa. Alichukua muda mrefu akizungusha vifundo vya nyuzi kwenye mti wa juu, akigonga uzi mmoja, akiinamisha sikio, akiulegeza kidogo, akigonga tena. Watu walianza kuongea. Alipoanza, hakuanza na wimbo. Alianza na nyuzi mbili za chini, akazizungusha vile vile, vile vile, mpaka mama mmoja aliyekuwa akigawa soda akaanza kutingisha bega bila kujijua. Hakuna aliyetambua ni wimbo gani. Ndipo akaingiza sauti ya juu kwa mkono wa pili, tuni ile tunayoijua sote, lakini imepunguzwa: pale ambapo bendi huweka sauti tano zinazotiririka, yeye aliweka tatu na kuziacha zipumue. Vigelegele vikapasuka.

Kisha ikaja sehemu ambapo wimbo unapanda. Nilimwona akifika pale, na nilijua hana uzi wa kumfikisha. Alifunga nyuzi zote kwa viganja viwili, kimya, akaiacha sauti yake ya mdomo ipande peke yake, na iliposhuka akaipokea tena kwa zile nyuzi za chini. Katikati ya ubeti wa pili aliuacha wimbo kabisa akaanza kusalimia watu kwa maneno ya kusema, haraka haraka, kama wapiga obokano walivyofanya tangu zamani: wa ukoo wa Bogirango akawataja, wa Kitutu, wa Nyaribari, wa Bobasi, baba ya bwana harusi, wajomba wa bibi harusi, kila aliyetajwa akisimama na noti mkononi. Nyuzi hazikuacha kuzunguka. Halafu akarudi kwenye “Malaika” mahali pale pale alipouachia.

Baadaye nilimuuliza kwa nini alifunga nyuzi pale juu.

“Sauti hiyo sina, omogaka,” akanijibu, yaani mzee. “Nikaiachia koo.”

Kuna walimu wa muziki wangehitaji darasa zima kueleza jambo hilo. Alichokosa ndicho kilichoupa wimbo mahali pake pazuri zaidi, kwa sababu sisi wasikilizaji, tuliokwisha kuzoea ule mzunguko wa chini, tulibaki ghafla na sauti ya mtu mmoja tu. Katika rekodi zote za “Malaika” ninazozijua, pale pana ala. Keroka palikuwa na pumzi.

Majirani zetu wa pande zote mbili wana ushahidi kama huo, na wao bahati yao ni kwamba ulirekodiwa. Upande wa machweo, kwa Waluo, kuna “Kothbiro”. Wengi huujua kama wimbo wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, na hudhani umetoka moja kwa moja kwenye kigoda cha mpiga nyatiti wa kijijini. Lakini katika miaka ya 1970 ulikwisha kurekodiwa Nairobi na Black Savage, bendi ya vijana waliokuwa na gita za umeme. Mmoja wao, Job Seda, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Ayub Ogada, aliuchukua tena miaka mingi baadaye, akauvua bendi nzima, akaubakiza na nyatiti na sauti yake. Hiyo ndiyo iliyoingia katika albamu ya “En Mana Kuoyo” ya mwaka 1993, na ndiyo iliyosikika katika filamu ya “The Constant Gardener” mwaka 2005. Mwaka 2018 Kanye West alichota kutoka ile ya bendi na kuitumia katika “Yikes”. Wimbo mmoja umevaa umeme, umevua, umevaa tena. Kwangu mimi toleo la Ogada ndilo kubwa kuliko yote, na ni kwa sababu ya alichokiondoa.

Upande wa mawio, ng'ambo ya Borabu kwa Wakipsigis, kisa ni cha ajabu zaidi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka sehemu kubwa ya Afrika na mitambo ya kurekodi, alifika Kapkatet. Huko wasichana walimwimbia wimbo kuhusu kiumbe waliyemwita Chemirocha, nusu mtu, nusu mnyama wa porini, fundi wa kucheza, na chini ya sauti zao palikuwa na ala ya nyuzi iliyo ndugu ya obokano. Jina lile lilikuwa la Jimmie Rodgers, Mmarekani mwimba kantri aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika kwa gramafoni, watu wakasikia gita na ile sauti yake inayovunjika ikapanda juu ghafla, na Wakipsigis wakamtia katika nyimbo zao. 

Si kurudia wimbo kwa maana ya kawaida, maana hakuna tuni ya Rodgers unayoweza kuinyooshea kidole. Hata hivyo naiweka hapa makusudi. Wasichana wale hawakujaribu kuwa Marekani. Walichukua mshangao waliosikia kwenye gramafoni wakauliza ala yao ingeusemaje, na jibu likawa kitu ambacho Rodgers mwenyewe asingekitambua, lakini asingekuwepo yeye nacho kisingekuwepo. Zaidi ya miaka 60 baadaye nakala za rekodi hizo zilirejeshwa kwa Wakipsigis. Ukizisikiliza leo, hazina hata dalili ya kuiga.

Huku kwetu safari imekwenda pia kinyume, kutoka nyuzi za kienyeji hadi gita. Wapiga gita Waluo walihamisha vidole vya nyatiti kwenye gita, na ndivyo benga ilivyopata ule mwendo wake wa gita la solo linalomjibu mwimbaji karibu neno kwa neno. D. O. Misiani alianzisha Shirati Jazz mwaka 1967, na vilima vya Gusii haviko mbali hata benga isivipande. Christopher Monyoncho alipoimba Ekegusii juu ya gita, watu waliokulia kwenye mikutano ya obokano hawakuhitaji kufundishwa kuusikiliza muziki ule. Ala ilikuwa mpya, masikio yalikuwa yale yale.

Ila warudiaji wakuu wa nyimbo katika kaunti hizi mbili hawakushika ala yoyote. Ni waumini. Wakatoliki walipofungua misheni ya Nyabururu na Waadventista ile ya Nyanchwa, katika miaka ya 1910, walikuja na tenzi za Ulaya na Marekani zenye sauti nne zilizopangwa tayari. Shida ni kwamba Ekegusii ni lugha ya toni: neno lina kupanda na kushuka kwake, na ukilipandisha mahali pa kushuka unaweza kuwa umesema jambo jingine. Tuni ya Kizungu haikujua hilo. Inapanda inapotaka. Nenda Sabato moja kwenye kanisa la mlimani, ambako hakuna kinanda wala kipaza sauti, usikilize wazee wanavyolimaliza tatizo hilo. Hawaifuati tuni ilivyoandikwa. Wanaikaribia, wanachelewa kidogo, wanateleza kutoka sauti moja kwenda nyingine ili neno lipite salama, na wenye besi wanaikaba ile sauti ya nne kwa uzito unaofanya kazi ya ngoma, kwa kuwa ngoma yenyewe haikuruhusiwa kuingia. Watunzi wa Uingereza na Marekani walioandika tenzi hizo hawakupata kuzisikia hivi, na ni hasara yao.

Shule nazo zina mchango wao. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, lina vitengo vya nyimbo za jadi na vya tuni za Kiafrika zilizopangwa upya kwa kwaya, ndiyo maana unaweza kuwakuta wasichana wa Nyamira wakiimba wimbo wa Wagiriama kwa sauti nne. Nyingine zimepangwa kwa ufundi mkubwa. Nyingine zimepakwa madaha ya jukwaani mpaka wimbo wenyewe haupumui, na ningewasihi walimu wapunguze.

Jambo moja linanikera, nalo si la muziki hasa. Wanaorudia nyimbo hapa kwetu mara nyingi hawataji waliozitunga. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba “Shauri Yako” ni wa Super Mazembe, kumbe bendi hiyo iliuchukua kwa Nguashi Ntimbo na kuupiga kwa ustadi uliofunika ule wa kwanza. Sifa za Mazembe hazipungui hata chembe ukimtaja Ntimbo, tena zinaongezeka, kwa sababu ndipo unapoona walichokifanya. “Malaika” wenyewe umegombaniwa na zaidi ya mtu mmoja. Anayerudia wimbo na asimtaje mwenyewe anatunyima nafasi ya kuupima ufundi wake.

Katika muziki wa Gusii leo wako wanaoendeleza kazi hii bila kelele nyingi. Grandmaster Masese ameipeleka obokano mjini, akaiketisha pamoja na ushairi, na vijana waliokuwa wakiiona kama kitu cha makumbusho wameisikia ikisema nao. Wengine hawajulikani nje ya lokesheni zao. Wanapiga kwenye matanga, kwenye harambee, kwenye harusi kama ile ya Keroka, na kila mmoja ana wimbo mmoja au mbili za redio alizozigeuza kwa ajili ya mteja fulani aliyeomba. Mara nyingi hivyo ndivyo nyimbo hizi zinavyozaliwa: mtu anaomba wimbo, fundi anaona haya kusema hapana, anarudi nyumbani kuutafutia njia.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na shughuli Kisii au Nyamira na ukamwalika mpiga obokano, usimwombe zile za zamani peke yake. Mtajie wimbo unaoupenda wewe, hata kama ni wa disko, hata kama ni wa kanisani, na umtajie mapema, wiki mbili kabla, ili apate muda na nyuzi zake. Halafu mlipe kama unavyomlipa mwenye spika.