Kosa la Mai Mahiu

Kwa mtu wa Bungoma au Kitale anayependa reli, hakuna haja ya kuzunguka mbuyu: reli mpya ya SGR haikupaswa kuvuka Nairobi kuelekea magharibi kabla ya pesa za kuifikisha Malaba kupatikana. Ilivuka. Oktoba 2019 kikafunguliwa kipande cha kilomita 120 kutoka Nairobi hadi Suswa, kwa gharama ya takriban dola bilioni 1.5, na huko huko katika Bonde la Ufa reli ya upana wa milimita 1,435 ikakoma. Kutoka hapo mzigo wa Uganda unategemea reli ya mita, ile ile ya wakoloni yenye upana wa mita moja, inayopanda Timboroa na kushuka Turbo, Lugari, Webuye na Bungoma hadi mpakani.

Kazi ya mikono ilikuwa safi: handaki la Ngong la takriban kilomita nne na nusu limechimbwa vizuri, na Madaraka Express imekuwa ikienda na kurudi Mombasa tangu mwisho wa Mei 2017. Lawama haziwahusu waliochimba wala waliolaza mataruma. Zinamhusu aliyeamua mahali ambapo reli mbili zisizolingana zingekutana.

Wanaofuatilia treni wameona kinachotokea. Treni ya mizigo inaondoka Mombasa na makontena 108 ya futi 20. Inafika bandari kavu ya Naivasha, pale Mai Mahiu upande wa Suswa, na kusimama. Kreni inashuka juu ya kontena, vifungo vyake vinne vinaingia kwenye matundu ya pembe nne za juu na kujikaza, kisha kontena linanyanyuliwa kutoka kwenye behewa la SGR. Kama behewa la reli ya mita limeshasogezwa kwenye njia ya jirani, kontena linatua humo na kazi imekwisha kwa mnyanyuo mmoja. Kama behewa halijafika, kontena linawekwa chini lingoje, na siku ikifika linanyanyuliwa upya. Hapo minyanyuo ni miwili, na mzigo haujasogea hata hatua moja kuelekea Malaba.

Kocha yeyote wa timu ya mtaani anayekaa jukwaani katika uwanja wa Sudi pale Bungoma angelieleza kosa hili kwa lugha ya mpira: mpira unaoguswa mara nyingi katikati ya uwanja hufika langoni mabeki wakiwa wameshajipanga. Kontena ni hivyo hivyo. Kila mguso una bei yake: dizeli ya kreni, mshahara wa anayeiendesha, saa za mabehewa kusimama bure, na nafasi moja zaidi ya mzigo kuharibika. Kontena lililopakiwa Kilindini kwenye behewa la reli ya mita liliguswa mara mbili tu, likipakiwa pwani na likishushwa Kampala, zaidi ya kilomita 1,200 mbele. Kati ya hapo vichwa vya treni vilibadilishwa, madereva na magadi wakapokezana, lakini mzigo wenyewe haukuguswa na mtu.

Tena tatizo haliishii kwenye kreni. Treni ya SGR ni ndefu na nzito. Reli ya mita, yenye kona kali na mpando wa Timboroa, haivuti mzigo wa namna hiyo kwa mkupuo mmoja. Basi mzigo wa treni moja iliyotoka pwani lazima ugawanywe, na kila mgawanyo unataka kichwa chake, dereva wake, gadi wake na nafasi yake kwenye njia moja yenye vituo vya kupishana. Mgawanyo wa kwanza ukichelewa, wa pili unangoja. Bandari kavu ikijaa, treni inayotoka Mombasa inangojea nje.

Kinachokera zaidi ni kwamba mahali pa kukutanishia reli hizi palikuwapo tayari. Bandari kavu ya Embakasi imekuwapo tangu 1984, ilihudumiwa na reli ya mita kwa miongo, na mwanzoni mwa 2018 SGR ikaanza kushusha mizigo hapo hapo. Nairobi kuna karakana, kuna yadi, kuna mafundi na kuna wateja ambao mizigo yao inaishia mjini. Kama lazima kontena lihamishwe, lingehamishiwa hapo. Badala yake mkutano wa reli ukasukumwa kilomita 120 hadi bondeni, ambako hapakuwa na yadi wala kiwanda, na ikabidi ijengwe njia mpya ya reli ya mita, ya takriban kilomita 24, kuiunganisha bandari kavu na stesheni ya Longonot. Dola bilioni moja na nusu zimetumika kuhamisha kikwazo kutoka mahali penye zana hadi mahali pasipo na kitu.

Wapo watakaosema nia ilikuwa kusonga mbele, na kwamba Suswa ilikuwa kituo cha muda tu. Nia haibebi mzigo. Aprili 2019 ujumbe wa Rais Uhuru Kenyatta ulirudi kutoka Beijing bila mkopo wa kipande cha Kisumu, wakati kipande cha Suswa kilikuwa bado hakijafunguliwa. Ramani ilionyesha kilomita 262 kutoka Naivasha kupitia Narok na Bomet hadi Kisumu, kisha 107 hadi Malaba. Fedha zake hazikuwapo. Mjenzi mwangalifu hakati paa la nyumba ya zamani kabla ya kuwa na mabati ya mpya.

Mpenda modeli za reli hulitambua kosa hili akiwa mezani kwake. Kwa kipimo cha 1:87, SGR inakuwa na upana wa milimita 16.5, na reli za modeli za upana huo zimejaa madukani duniani kote. Reli ya mita kwa kipimo hicho hicho inapata milimita 11.5, na watengenezaji huikadiria kuwa 12. Atakayejenga Mai Mahiu mezani hatapata pointi ya kulivusha behewa kutoka njia moja hadi nyingine. Anabaki na meza mbili zinazopakana, na kreni ya kuchezea katikati yake. Michoro ya wahandisi ilikuwa na vipimo hivyo hivyo, kwa milimita kamili.

Dunia ilishajifunza somo hili kwa gharama kubwa. Huko Albury, Australia, reli za majimbo mawili zilikutana zikiwa na upana tofauti, na kwa miongo abiria wa kati ya Sydney na Melbourne walishuka treni moja usiku wakapanda nyingine, mpaka 1962 reli ya upana mmoja ilipokamilika. India ilianza 1992 mpango wa kufanya reli zake nyingi ziwe za upana mmoja. Hata karibu na sisi, TAZARA yenye milimita 1,067 inakutana na reli ya mita ya Tanzania pale Kidatu, na tangu miaka ya 1990 pana kituo cha kuhamishia mizigo kati ya reli hizo. Wapangaji wa SGR walikuwa na Kidatu ya kwenda kutazama kabla ya kuchora chochote.

Waliowatangulia walikuwa na busara zaidi, hata kama malengo yao yalikuwa ya kikoloni na yaliwatajirisha walowezi. Reli ya Uasin Gishu ilitoka Nakuru, ikapanda hadi karibu mita 2,785 juu ya bahari pale Timboroa, ikafika Eldoret 1924. Tawi la Leseru lilipita Soy na Moi's Bridge, likafika Kitale 1926. Mwaka 1928 njia kuu iliungana na reli za Uganda, na 1931 treni zikafika Kampala. Katika hatua zote hizo, kila kipande kipya kilikuwa cha upana ule ule wa kipande kilichokitangulia. Gunia la mahindi lililopakiwa Kitale lingeweza kufika Kilindini bila mlango wa behewa kufunguliwa. Hiyo ndiyo maana ya mtandao wa reli.

Na injini zao zilifuata kanuni hiyo hiyo. Injini za mvuke za Garratt, daraja la 60, zilizopewa majina ya magavana na kuletwa miaka ya 1950, ziliundwa kwa ajili ya reli nyepesi za bara. Boila lilining'inia katikati, na mitambo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, ikageuka kila mmoja kivyake kwenye kona. Uzito ukagawanywa kwenye ekseli nyingi, na reli nyembamba ikabeba mzigo ambao kwa injini ya kawaida ungeilemea. Mojawapo, namba 6006, imesimama katika Makumbusho ya Reli Nairobi. Kila anayetaka kuandika juu ya mtandao wa Kenya angepaswa kwenda kuitazama kwanza: mhandisi alianza na reli iliyopo, kisha akaunda injini ya kuifaa.

Wenyeji wa Bungoma na Trans Nzoia wana kinyongo cha muda mrefu, na kina haki ya kutajwa. Tawi la Kitale lilisinzia miaka mingi huku mbolea na mahindi vikipita barabarani kwa malori. Mkataba wa kuikabidhi kampuni ya Rift Valley Railways njia hii ulianza 2006 na ukavunjwa 2017, na reli haikunufaika nao. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kule Webuye kilifungwa 2009, na njia ikapoteza mteja wake mkubwa. Dola bilioni 1.5 zingetosha kukarabati kwa kina njia kutoka Nairobi hadi Malaba na kuyaamsha matawi ya Kitale, Butere na Nanyuki bila kucheza kamari na mkopo wa kigeni ambao haujapatikana.

Sasa Uganda imesaini mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi, Oktoba 2024, wa kujenga SGR ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, na Tanzania tangu 2024 inaendesha treni za umeme kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Shinikizo la kuikamilisha SGR yetu hadi mpakani litaongezeka, na njia iliyochorwa kupitia Narok na Kisumu haigusi Eldoret, Webuye wala Kitale. Kwa hiyo serikali isiing'oe reli ya mita ya Uasin Gishu, isiifunge, wala isiiache ioze kwa hoja kwamba kuna reli mpya. Na kabla ya kandarasi yoyote ya kuvuka Suswa kusainiwa, pesa za kilomita zote 369 hadi Malaba zionyeshwe hadharani. Zisipoonekana, mkutano wa reli urudishwe Embakasi.