Ufundi wa Kufunga Safari

Jioni moja ya mwezi wa Desemba, katika mji mmoja wa huku kwetu Busawe, mkoani Mara, nilikaa barazani nikimtazama bibi mtu mzima akimfungia mjukuu wake safari iliyoazimiwa asubuhi ile ile. Maana kijana huyo na rafiki zake, baada ya kuona katika simu picha za kisiwa cha Rusinga, nchini Kenya, kiking'aa kwa jua kati ya maji ya Ziwa Viktoria, walikuwa wamekata shauri kwenda huko kupumzika kabla ya mwaka kwisha, nao walitaka kuondoka alfajiri bila ya maandalio yoyote ila picha zile na nauli.

Bibi hakuwakataza, wala hakuwalaumu kwa haraka yao. Kabla ya kugusa mfuko aliuliza, "Mjukuu wangu, mtafikia kwa nani?" Kijana akajibu, "Bibi, nyumba za wageni ziko tele, tutajionea huko huko." Bibi akanyamaza kitambo, kisha akamtuma mtoto kwa jirani ambaye dada yake aliolewa upande wa Mbita, karibu na kisiwa hicho, na kabla ya jua kuchwa simu ilikwisha pigwa, salamu zilikwisha pokewa, na wasafiri wakawa na mlango wa kubisha hodi. Hapo ndipo alipoanza kufunga.

Laiti msomaji angeiona mikono ile! Chini kabisa aliweka nguo za kurudia, zisizohitajiwa mpaka siku ya mwisho. Juu yake akaweka unga wa ulezi, zawadi ya mwenyeji, umefungwa katika kitambaa safi kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Kisha shuka ya usiku, kwa kuwa pepo za ziwani hugeuka giza likiingia. Na juu kabisa karanga za kukaanga na maji, ili mwenye njaa asiupekue mfuko mzima ndani ya basi. Hati ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano alivitenga na fedha, na fedha nazo akazigawa mafungu, lile la nauli ya kurudi akalishona ndani ya pindo la suruali, akisema, "Hili si lako mpaka utakapoikabili njia ya nyumbani." Hakuandika orodha, hakurudi nyuma kutoa alichokwisha kuweka, na alipomaliza mfuko ulikuwa mwepesi kuliko ule aliokuwa amejifungia kijana mwenyewe.

Aghalabu watu hudhani kwamba safari ya ghafla haina nafasi ya ufundi. Mimi naona kinyume chake: safari ya ghafla ndiyo impimayo fundi, kwa kuwa asiyejiandaa siku zote hana cha kukusanya kwa saa moja. Karanga zile zilikuwa zimekwisha kukaangwa, ulezi ulikuwa umekwisha kusagwa, na ujirani ule wa kumfikia mtu wa Mbita ulijengwa kwa miaka mingi ya kuzikana na kuozana. Masurufu ya siku moja yalikuwa ni hazina ya umri mzima.

Wazee wa Mara waliipata elimu hii kwa kutembea. Zamani za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, meli zililizunguka ziwa zikitia nanga Musoma, Mwanza, Bukoba na Kisumu, na mojawapo katika meli hizo ilikuwa na jina hilo hilo la Rusinga. Abiria alijifunza kungoja, kugawa chakula, na kumwamkia asiyemjua. Hata mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, usifunguliwe tena ila mwaka 1983, undugu wa pande mbili za mpaka huo pale Sirari haukukatika, kwa kuwa waliofunga safari walikuwa wamekwisha kuufunga undugu kwanza.

Fauka ya hayo, bibi aliwafungia maarifa. Aliwaambia kwamba baada ya kupita Isebania, Migori, Rongo na Homa Bay watafika Mbita, na toka hapo wataingia kisiwani kwa barabara bila ya kupanda chombo. Wapande vilima asubuhi, kwa kuwa mawe ya kule huchoma adhuhuri. Wasioge penye maji yaliyotuama kati ya matete, wasije wakarudi na kichocho. Na wasiondoke pasipo kulizuru kaburi la Tom Mboya, waziri wa Kenya aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Nami nikaongeza langu: kwamba mawe hayo ni masalia ya volkano kuu ya Kisingiri iliyozimika zamani za kale, na kwamba majivu yake yalihifadhi mifupa ya viumbe walioishi takribani miaka milioni 18 iliyopita, hata mwaka 1948 mtafiti Mary Leakey akavumbua humo fuvu la mnyama aliyepewa jina la Proconsul, wa jamii ya sokwe wa kale. Vijana walistaajabu, picha zao hazikuwaambia hata moja katika hayo.

Hapo ndipo moyo unaponiuma. Siku hizi mtu hulipia kitanda kwa kubonyeza simu, akafika kwa watu ambao hajawasalimu, akala, akajipiga picha, akaondoka, na kisiwa kizima kisijue kwamba alifika nani wala ametoka ukoo gani. Fedha imechukua mahali pa mwenyeji, na wepesi umechukua mahali pa hadhari. Wale waliojua kufunga safari wanatutoka mmoja mmoja, na wajukuu wao, ambao wana njia nzuri na vyombo vya kasi kuliko wao, wanasafiri mbali zaidi na kuyajua machache zaidi.

Basi ewe kijana unayesoma, jua likikuita ghafla ukapumzike, nenda kwa furaha. Lakini usiku ule wa kuamkia safari mpe mkongwe wa nyumbani mfuko wako aufunge, nawe keti karibu naye, utazame, uulize, ukariri, kwa maana ufundi huu haukuandikwa popote, na asiyeupokea kwa mkono hataupata.